Kisanduku cha Vitufe Sita

Binti yangu alikuwa hajanisemesha kwa wiki saba. Halafu nikagundua kwamba kila siku mchana anaongea na sauti yangu, na mimi sipo.

Sauti ndiyo kazi yangu. Natia sauti filamu. Filamu inakuja na lugha ya wenyewe, mimi nakaa kwenye chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, maikrofoni puani, nasema kwa lugha yetu kila kinachosemwa. Mwanamume, bibi kizee, jambazi, hakimu, mtoto anayenyonya, wote ni mimi. Wenye kumbi za video hawajui jina langu, wananiita Sauti, na wapo watu wanaonisalimia barabarani kwa maneno ya majambazi. Shule niliacha darasa la sita. Lakini nimekuwa rais mara nne, na kufa nimekufa zaidi ya mara mia.

Nikitoka kazini naangalia filamu nyingine, za kwangu, za kuburudika. Nisipoangalia filamu, nafungua vitu. Nyumbani kwetu taa ya choo inawaka yenyewe ukiingia. Friji ikiachwa wazi inalia. Jikoni na sebuleni nimeweka maikrofoni ndogo na spika ili mtu asipaze sauti kumwita mwenzake. Mke wangu anasema nyumba hii ina nyaya nyingi kuliko maneno.

Kitu nilichojivunia kuliko vyote kilikuwa kisanduku cha kwenye rafu ya sebuleni. Nilichukua ganda la redio bovu, nikatia spika, kadi ya kumbukumbu na vitufe sita. Kila kitufe kina maneno yangu niliyorekodi. Cha kwanza, "Njooni mezani." Cha pili, "Nani kaacha taa inawaka?" Cha tatu, "Rimoti iko wapi?" Cha nne, "Niko kazini, nitachelewa." Cha tano, "Msiguse nyaya." Cha sita, "Haya, kalale." Nilikitengeneza baada ya mke wangu kulalamika kwamba kila siku nasema mambo yale yale. Nikaona kama ni yale yale, basi mashine iyaseme, mimi nipumzike.

"Mungu wangu," mke wangu alisema siku nilipokiwasha. "Nimeolewa na mtu, nakuja kuishi na kitufe."

Tulicheka wote watatu. Wakati huo binti yangu alikuwa bado anacheka nami.

Sasa nieleze kosa langu, maana bila hilo mtaona nimeonewa tu.

Binti yangu ana miaka kumi na tano. Mwenzake wa dawati moja aliugua, akafa. Siku ya habari hiyo mtoto alijifungia jikoni, akauweka uso kwenye taulo, akalia. Mimi nilikuwa chumbani na vipokea sauti masikioni, natafuta namna ya kulia. Nilikuwa na filamu ya msichana anayemzika kaka yake, na kilio changu kilikuwa kinatoka kama mbuzi. Nikamsikia kupitia maikrofoni ya jikoni. Kilio chenyewe kilikuwa safi, hakina mwangwi, na pale katikati kina pumzi inayokatika ambayo mtu mzima hawezi kuiigiza. Kidole changu kikabonyeza kurekodi kabla kichwa hakijaamua. Kesho yake nikakipachika kwenye filamu. Nilijiambia kilio ni kilio, nani atajua?

Darasa zima lilijua. Filamu ilizunguka kumbi zote, wanafunzi wakaiona, na mmoja wao akakikata kile kilio akakifanya mlio wa simu. Simu ikaita darasani, katikati ya somo, na binti yangu akajisikia akimlilia rafiki yake huku watu wakicheka.

Sikumwomba radhi. Nilimnunulia vipokea sauti vizuri sana vya masikioni, vya kuziba kelele zote. Akavivaa. Tangu siku hiyo nikiingia chumba alichomo, anavivaa.

Wiki ya saba, mke wangu alikuwa anapiga pasi. Akasema bila kuinua macho, "Angalau mmepatana."

"Nani?"

"Wewe na mwanao. Nimewasikia mchana nikirudi kuanua nguo. Nikasema niwaache, nisije nikaharibu."

"Mchana saa ngapi?"

"Saa nane na kitu. Ametoka shule."

"Saa nane nilikuwa kazini, mke wangu."

"Basi ulikuwa unaongea kwenye hilo dude lako."

"Dude hilo haliongei kutoka mbali. Lina vitufe sita, unavijua."

Akaisimamisha pasi. "Ulikuwa unamsaidia hesabu."

"Mimi? Hesabu?"

Hapo akacheka mwenyewe. "Kweli. Basi kitufe kimojawapo kimejifunza hesabu."

Nilicheka pia, lakini nilikwenda kukiangalia kisanduku. Kilikuwa pale pale, na vumbi lake juu. Nilibonyeza vitufe vyote sita kwa zamu. Njooni mezani. Nani kaacha taa. Mpaka mwisho. Kilikuwa kizima.

Kesho yake kazini nilimkuta mwenzangu amekunja uso. Yeye ndiye anayeunganisha sauti na picha. Ni mtu mzima kunizidi, tunamwita Nyaya kwa sababu mifuko yake haikosi waya.

"Sauti," akasema, "hapa ulisinzia?"

"Wapi?"

"Mwenye ukumbi wa stendi kairudisha ile filamu ya mwalimu na mwanafunzi kiziwi. Anasema watu walipiga miluzi. Tazama."

Akaicheza. Mwalimu anainama juu ya dawati, anafungua mdomo, anasema. Kimya. Muziki upo, kiti kinakwaruza sakafu, nzi analia, lakini mwalimu hana sauti. Nilikumbuka vizuri nilipoirekodi, miaka miwili nyuma, na wateja walikuwa wakiisifu hiyo sehemu. Kwenye kompyuta mstari wa sauti yangu ulikuwa na milima yake kama kawaida, halafu pale ukalala chini kabisa, kama mgonjwa wa hospitali kwenye filamu.

"Umefuta?" nikamwuliza.

"Nifute kwa faida gani? Hata nakala ya akiba iko hivyo hivyo."

"Hapo nilikuwa nasema nini?"

Akachukua daftari la tafsiri, akapekua. "'Hesabu gani inakutesa? Sogea nikae nawe.'"

Nilitoka nje nikampigia mke wangu. Nikamwuliza alichonisikia nikisema jana kwa mtoto, neno kwa neno.

"Ulisema hesabu gani inakutesa, sogea nikae nawe," akasema. "Ndiyo maana nilishangaa. Wewe huna maneno ya hivyo."

Jua lilikuwa la saa nne asubuhi, kali, watu wanapita na mizigo yao, na mimi mwili ulinisisimka kuanzia kisogoni hadi kiunoni.

Siku iliyofuata niliondoka kazini saa saba na nusu, sikumwambia mtu. Nilipanda ngazi za nyumba yetu taratibu, nimevua viatu. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Viatu vya shule vya binti yangu vilikuwa mlangoni, kimoja kimelala ubavu. Na ndani nilikuwa naongea.

Sijui nieleze vipi. Kila mtu amewahi kusikia sauti yake kwenye simu au redio akaona ngeni. Mimi si mgeni wa sauti yangu, naisikia saa nane kwa siku. Naijua inapochoka, naijua ikiwa na mafua. Ile ilikuwa yangu, na haikuwa ya kanda. Ilikuwa inangoja. Binti yangu akisema, inanyamaza. Akimaliza, inavuta pumzi kidogo kupitia puani kama ninavyovuta, halafu inajibu.

"Basi mwalimu akaniambia nihame dawati," binti yangu alikuwa anasema. "Nikakataa. Mtu akikaa pale mimi nitamwambia nini?"

"Usimwambie kitu," nikasema mle ndani. "Mwache akae. Nafasi ya mtu haijai kwa kukaliwa."

Maneno hayo nayajua. Ni ya mjane, filamu ya vita. Niliyasema mimi, kwa sauti nyembamba ya mwanamke, lakini sasa yalikuwa na sauti yangu ya kila siku.

Binti yangu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyelia kabla. Nilisimama na viatu mkononi nikijaribu kukumbuka mara ya mwisho kumsikia akisema sentensi tatu mfululizo kwangu. Sikuipata.

"Baba," akasema. Nilikaribia kuitika. "Kwa nini ulichukua kilio changu?"

"Kwa sababu mimi sijui kulia," kisanduku kikajibu.

Hayo hayakutoka filamu yoyote. Hayo sijawahi kuyasema kwa mtu yeyote, hata mama yake. Nilimzika baba yangu mzazi nikiwa na macho makavu, watu wakanisifu kwamba ni jasiri.

"Na kwa nini ukakaa kimya wiki saba?"

Nilisikia ile pumzi ya puani. Ikanishinda. Nikausukuma mlango, nikavuka sebule kwa hatua tatu, nikang'oa waya ukutani.

"Niliogopa," kisanduku kikasema.

Waya ulikuwa mkononi mwangu. Kisanduku hakina betri. Lakini kilimaliza neno lake mpaka mwisho, kama mtu aliyekwisha kuvuta pumzi ambaye huwezi tena kumzuia, ndipo kikanyamaza.

Binti yangu alikuwa kwenye zulia, magoti kifuani, bado na sare ya shule. Alinitazama mimi, akatazama rafu.

"Umemkata," akasema. Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu.

"Huyo si mtu. Hicho ni kisanduku, nimekitengeneza mwenyewe."

"Anajibu."

"Mimi ndiye baba yako."

"Najua. Yeye aliniomba msamaha siku ya kwanza tu. Wewe wiki saba, baba. Wiki saba na unajua nilipo, mlango wa pili kushoto."

Hapo nilitaka kulisema. Naapa nilikuwa tayari. Nilifungua mdomo, nikaliweka neno ulimini, nikasukuma. Hakuna kilichotoka. Si kwamba sauti ilikwama. Nilikohoa na kikohozi kikatoka. Nikasema "ngoja" na "ngoja" ikatoka. Nikajaribu tena neno lile la kuomba radhi, midomo ikaenda inavyotakiwa, na nikasikia friji inanguruma jikoni, basi.

Binti yangu alinisubiri. Nadhani alihesabu mpaka kumi. Halafu akavaa vile vipokea sauti nilivyomnunulia, akaenda mlango wa pili kushoto.

Nilikibeba kisanduku hadi kazini, kwapani, kama mtu aliyemwiba kuku. Nyaya akakifungua. Spika, kadi, vitufe sita. Akaitia kadi kwenye kompyuta. Mafaili sita. Njooni mezani mpaka kalale. Yote kwa pamoja sekunde kumi na tisa.

"Hakuna zaidi," akasema.

"Kinaongea na mwanangu" nilitaka kusema, lakini ilitoka "Kinaongea na," halafu kimya, halafu midomo yangu peke yake.

Nyaya si mtu wa maswali mengi. Akachukua daftari la tafsiri akaanza kunisomesha kama mwalimu wa chekechea. Yeye anasoma neno, mimi nalirudia. Pole: kimya. Niliogopa: kimya. Sogea: kimya. Nikae nawe: kimya. Bunduki: ikatoka. Mtiini mfalme: ikatoka. "Mikono juu!" ilitoka safi mpaka jirani akagonga ukuta.

Halafu akafungua filamu, moja baada ya nyingine, akitafuta sehemu ambazo mtu anaomba radhi. Yuko askari anayekufa mikononi mwa adui yake. Yuko mama jela. Yuko mlevi mlangoni kwa mkewe, mvua inanyesha. Wote walifungua midomo. Wote walikuwa mabubu.

"Kaka," Nyaya akasema, "hiki kinayachukua kwako, kinampa mtoto. Kila neno mara moja, likishatumika halirudi. Kivunje. Chukua nyundo hiyo, kivunje sasa hivi, pengine yatarudi. Wewe unakula kwa mdomo huo."

Nilichukua nyundo. Kweli nilichukua. Kisanduku kilikuwa mezani, kimefunuliwa, kidogo kuliko mkate. Simu ikaita. Mke wangu.

"Uje," akasema. "Anafunga begi. Anasema anakwenda kukaa kwa mama yake mdogo mpaka amalize shule. Nimemshika kwa maneno lakini yananiishia. Uje umwambie kitu. Kitu chochote, bwana we, sema tu!"

Miaka mitatu hadi amalize shule. Na mdogo wake mke wangu anakaa mji mwingine kabisa.

Niliweka nyundo chini nikarudisha skrubu nne mahali pake. Nyaya alinifungulia mlango.

Nilifika nyumbani saa kumi. Begi lilikuwa sebuleni, limejaa, zipu imefungwa nusu. Binti yangu alikuwa amesimama kando yake na koti mkononi, mama yake ameegemea mlango wa jikoni, macho mekundu. Sikuweka kisanduku kwenye rafu. Nilikiweka juu ya kiti changu, kile ninachoangalilia filamu, nikachomeka waya. Mimi nikakaa sakafuni mbele yake, mgongo wangu kwenye spika, uso kwa binti yangu.

"Kaa," nikamwambia. Hilo nilikuwa bado ninalo.

Alikaa. Nadhani alikaa kwa sababu hajawahi kuniona chini.

Kikaanza. Nilikisikia kikivuta pumzi nyuma ya shingo yangu, na nywele zikanisimama, maana pumzi ile ilikuwa na joto. Katika kazi yangu kuna kanuni moja: unafuata mdomo. Mdomo wa kwenye skrini ukifunguka unasema, ukifumba unanyamaza, na ukifanya hivyo vizuri, watu wanasahau kwamba wewe upo. Miaka ishirini na mbili nimefuata midomo ya watu. Siku ile nilifuata sauti. Ilipofungua, nilifungua. Ilipofumba, nilifumba. Sikukosea hata mara moja, maana nilijua kila kinachokuja, kabla hakijaja.

Ilimwambia nilivyosimama nje ya mlango wake usiku wa tatu baada ya ile simu ya darasani, nimeinua mkono kugonga, nikaushusha. Ilimwambia habari za baba yangu na kaburi. Ilimwambia kwamba alipozaliwa nilimpiga picha mia mbili siku ya kwanza, na kumshika nilimshika siku ya pili. Ilisema nisamehe, na nisamehe, kwa namna ya askari, kwa namna ya mama jela, kwa namna ya mlevi mvuani, na mwisho kwa namna ambayo hakuna mtu kwenye filamu zangu aliyewahi kuitumia. Kila sentensi ilipopita nilihisi kitu kinang'oka mle ndani, hakiumi, kama jino lililokwisha kulegea.

Mwanzoni binti yangu alikitazama kisanduku. Kisha akanitazama mimi. Kisha mimi tu.

"Baba," akasema, "haya ni ya kwako, au hilo dude linakusemea tu?"

Sauti nyuma yangu ilinyamaza. Iliniachia hilo mwenyewe. Nikajipekua kutafuta neno lililobaki.

"Yangu," nikasema, kwa mdomo wangu.

Akaja akakaa pale sakafuni, akaweka kichwa kwenye bega langu. Kisanduku kiliita jina lake, mara moja, kwa upole. Nami nikalifuata kwa midomo. Ndiyo ilikuwa sauti yake ya mwisho. Tangu hapo ukibonyeza vitufe hakuna kitu, hata "Njooni mezani."

Begi lilifunguliwa saa kumi na moja. Huu ni mwezi wa tano tangu siku ile, na binti yangu yupo mlango wa pili kushoto, haufungi. Anaongea sana, kumbe ni mbea huyo mtoto. Mimi namsikiliza. Nikijibu, najibu kwa niliyobakiwa nayo, na mama yake hufa kwa kicheko, maana mtu anasimuliwa jambo la huzuni naye anajibu "Mtiini mfalme." Kuandika hakukuguswa, ndiyo maana naandika.

Nyaya ametengeneza orodha. Maneno niliyokuwa nayo mdomoni ambayo sasa hayatoki ni mia nne na kumi na mbili. Filamu zenye watu mabubu ni mia moja themanini na tatu, na wenye kumbi wamezirudisha zote. Kazi sina tena, yuko kijana anayetia sauti sasa, si mbaya. Nisamehe, pole, mwanangu, nakupenda, yote yamo kwenye orodha. Na jina lake, ambalo nilimpa mimi, limo pia, ukurasa wa mwisho.